LUGHA YA PYTHON: TUANZE NA TOLEO LIPI?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad:

Vijana wetu wengi hawatosheki tena na kuandika barua au kucheza michezo katika kompyuta. Wanataka kujua programu zenyewe zinatungwaje. Wengi huelekezwa kwenye lugha ya Python, na ni chaguo zuri kwa anayeanza, kwani maagizo yake ni mafupi na yanasomeka. Lakini mwanafunzi akifungua kitabu cha kwanza hukutana na swali: Python 2 au Python 3? Tunakusudia kulijibu swali hilo hapa, kwa faida ya wanafunzi na ya wazazi wanaowanunulia vitabu.

Kwa nini kuna mbili?

Python ilitungwa na Mholanzi Guido van Rossum, akiwa katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, na ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Python 2 ilitoka mwaka 2000. Baadaye watunzi waliona kasoro za msingi ambazo haziwezi kuondolewa bila kuziharibu programu zilizokwisha andikwa. Basi Desemba 2008 wakatoa Python 3, wakijua kuwa programu nyingi za zamani hazitakubali ndani yake mpaka zirekebishwe.

Kwa miaka mingi matoleo hayo yalikwenda sambamba. Wakati huo swali lilikuwa gumu kweli, kwa kuwa vifaa vingi vya waandishi wa programu vilikuwa bado havijahamia upande wa pili. Python 2 ilipangiwa kukoma mwaka 2015, ikaongezewa muda, na tarehe 1 Januari 2020 ikakoma. Toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Tangu hapo watunzi hawazibi tena matundu yake ya usalama.

Tofauti zenyewe

1. Kuandika kwenye kioo. Katika Python 2 tuliweza kuandika:
print "Salamu"
Katika Python 3 mabano ni lazima:
print("Salamu")
Anayefuata kitabu cha zamani kwenye kompyuta mpya atakataliwa katika mstari wa kwanza kabisa, adhani hana akili ya kompyuta. Akili anayo, kilichopitwa na wakati ni kitabu.

2. Kugawanya. Hili ndilo kubwa zaidi. Tuchukue mtu mwenye shilingi 800,000 zilizofika nisabu na kutimiza mwaka. Zaka yake ni sehemu moja katika sehemu 40. Tukiandika:
print(1/40*800000)
Python 3 inajibu 20000.0, yaani shilingi 20,000, na hilo ndilo sahihi. Python 2 inajibu 0! Sababu ni kwamba ikigawanya namba nzima kwa namba nzima hutupa sehemu inayobaki. 1 kwa 40 inakuwa sifuri, na sifuri mara chochote ni sifuri. Wala haitoi onyo lolote. Hali ni hiyo hiyo katika mirathi: thumuni ya mjane, ikiandikwa 1/8, inageuka sifuri. Hesabu hizi ni haki za watu. Programu inayokosea kimya kimya ni hatari kuliko inayokataa kufanya kazi.

3. Herufi za Kiarabu. Python 3 inazihesabu herufi za lugha zote kama herufi. Neno بسم lina herufi tatu, nayo inajibu 3. Python 2 ilihesabu vipande ambavyo kompyuta huhifadhia herufi, na kwa utaratibu wa UTF-8 ingejibu 6. Anayetaka kutunga programu ya kufundishia alifu, be, te, atasumbuka bure na toleo hilo.

Ushauri wetu

Anayeanza leo aanze na Python 3, bila ya wasiwasi. Python 2 ataisoma tu siku akiajiriwa mahali penye programu za zamani za kutunza, na akishaijua ya 3 haitamchukua muda mrefu.

Ndani ya Python 3 yenyewe hutoka toleo jipya kila mwaka, mwezi wa Oktoba, na kila moja huhudumiwa kwa miaka mitano. Tofauti zake kwa anayeanza ni ndogo mno. Achukue jipya linalokubali katika kompyuta yake. Mwenye kompyuta kuukuu ya Windows 7 mwisho wake ni 3.8. Huduma ya toleo hilo nayo imekoma, lakini kwa kujifunzia nyumbani linatosha.

Nanyi wazazi, kabla ya kulipia kitabu kilichotumika, fungueni kurasa za mwanzo. Mkiona neno print halifuatwi na mabano, kirudisheni. Python yenyewe haiuzwi. Hupatikana bure, kwa hiyo msikubali kutozwa fedha kwa ajili yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atuwezeshe kuitumia kwa uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.