Kifaa cha Taya si Dawa ya Kukoroma
Swali linaloulizwa kila mara katika kliniki za kupanga meno, kwamba mtoto anayekoroma avalishwe kifaa gani cha kupanua taya, lina kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa hutaja tiba kabla ya chanzo kujulikana. Kwa watoto wengi chanzo hicho ni ukubwa wa tonsili za kooni na wa tezi zilizo nyuma ya pua, maarufu kama nyama za puani, nazo haziondolewi kwa kuyasukuma meno.

Ni kweli kwamba kipanuzi cha kaakaa, yaani kifaa kinachoshikizwa kwenye magego ya juu na kuzungushwa parafujo yake kwa takribani robo milimita kila mara, hutanua mshono wa mfupa uliopo katikati ya kaakaa, ambao kwa mtoto bado haujashikana, na kwa kuwa kaakaa ndilo sakafu ya pua, nafasi ya puani nayo huongezeka. Hata hivyo, ongezeko hilo ni dogo kuliko lile la kwenye meno, ilhali mtoto anayekatika pumzi usingizini huzibwa zaidi koromeoni.

Wanaovinadi vifaa hivi huonyesha picha mbili za eksirei, ya kabla na ya baada ya matibabu, koromeo likiwa limepakwa rangi ili lionekane limetanuka, na picha hizo hazithibitishi lolote kati ya yanayodaiwa. Koromeo si bomba la chuma, bali ni njia ya misuli na nyama laini ambayo upana wake hubadilika mtoto anapovuta pumzi, anapoinua kidevu au anaposogeza ulimi. Tena hupigwa picha akiwa macho, misuli imekaza, wakati maradhi yenyewe hutokea amelala, misuli imelegea. Isitoshe, kati ya picha hizo mbili mtoto amekua, koromeo limekua naye, na huenda tezi zimeanza kunywea zenyewe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 5 hadi 9, vipimo vya usingizi vilirudi kuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa kuondolewa tonsili na tezi, lakini pia kwa asilimia 46 ya walioangaliwa tu kwa miezi 7; hawa wa pili wangekuwa wamevalishwa kifaa, sifa yote ingekwenda kwa kifaa.

Kwa hiyo mtoto anayekoroma aanzie kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mzio utibiwe kwa dawa ya kupuliza puani, tezi ziondolewe ikibidi, uzito uliozidi upunguzwe, na kukata kimeo kuachwe kabisa. Kipanuzi kinamfaa mwenye kaakaa jembamba, na nafuu ya pumzi ikipatikana ihesabiwe faida ya ziada. Kifaa cha kusogeza taya la chini mbele kinamfaa ambaye taya hilo limerudi nyuma, hasa anapokaribia balehe. Mwenye kaakaa la kawaida akipanuliwa, magego ya juu hayatakutana tena sawasawa na ya chini, na mzazi atalipa mara mbili, kwanza kuharibu, kisha kurekebisha.