Mkwe ni Nani kwa Nani?

Mama wa mke ni mkwe wa mume, na mume huyo naye ni mkwe wa mama. Kiswahili hakikosi majina ya kumtenga mkubwa na mdogo: tuna babu na mjukuu, tuna mjomba na mpwa. Hapa kimewapa wote wawili jina moja, na kwa maoni yangu kimefanya hivyo kwa kuwa ukwe si cheo cha mtu bali ni mapatano ya nyumba mbili. Kinyarwanda, ndugu yake Kiswahili, kinaliweka hilo wazi zaidi: kutoa mahari ni gukwa, mahari yenyewe, ambayo kimila ni ng'ombe, ni inkwano, na bwana harusi ni umukwe. Basi adabu za ukweni, ambazo siku hizi huhubiriwa kwa vijana tu, zinazifunga pande zote.

Wa pwani watanikosoa kwamba wao wana mavyaa kwa mama mkwe na mkazamwana kwa mke wa mwana, majina mawili yasiyobadilishana. Ni kweli. Lakini panapokaa wanawake wawili kwenye jiko moja, lazima ijulikane nani anaagiza na nani anaagizwa. Hayo ni majina ya kazi za nyumbani, na juu yake neno mkwe limebaki palepale. Pingamizi zito ni jingine: kwamba mzigo humwelemea mke. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mke hakuruhusiwa kutamka jina la baba mkwe, wala hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti, ikambidi atafute mengine ya kuyaziba. Siwezi kusema huo ni usawa. Hata hivyo, wazee nao hawakuachwa huru: vijana walijenga vijiji vyao vya rika mbali na vya baba zao, na sababu mojawapo ilikuwa kumweka baba mbali na wake za wanawe. Kumbe kijiji kizima kilihama kwa ajili ya adabu hiyo (jambo ambalo washauri wa kwenye kicheni pati hawalitaji).

Uislamu umepita njia tofauti. Mama mkwe ni maharimu wa mume wa bintiye, hivyo wanaweza kuketi na kuzungumza pasipo kukimbiana. Umaharimu huo hauondoki kwa talaka: mke akishaachwa, mama yake bado ni haramu kuolewa na mwanamume yule, maisha yao yote.