Kunyanyua gari la milimani: springi kwanza, urefu baadaye
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi springi na shokapu zinavyogawana kazi: springi hubeba uzito, shokapu huzuia gari lisiendelee kudunda baada ya shimo kupita. Leo tuingie gereji. Mwenye gari linalopanda Kighare, huko Usangi katika Pare Kaskazini, akitaka kulinyanyua, alinyanyue kiasi gani? Na fundi afanye nini ili gari hilo lishuke salama hadi Mwanga mjini likiwa na mzigo wa ndizi na watu juu yake?

Nataja kushuka kwa makusudi. Mtu akinyanyua gari hulijaribu kwa kupanda, na karibu kila gari lenye gia ya nguvu hupanda. Kasoro za kazi mbovu hujitokeza kwenye mteremko, gari likiinamia mbele, breki zikipata moto, kona ikiwa upande wa korongo. Kwa hiyo kila ninachoandika leo nakipima kwa mteremko.

Nianze na dhana iliyoenea kuliko zote: kwamba springi ndefu zinaipandisha difu kutoka ardhini. Hazifanyi hivyo. Chukua Land Cruiser ya 79, lile pikapu linalobeba kila kitu kuanzia saruji hadi wagonjwa. Nyuma lina ekseli nzima, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu katikati yake. Ekseli hiyo imekaa juu ya magurudumu, si juu ya springi. Ukiongeza springi, bodi na chasisi hupanda, tangi la mafuta hupanda, ngazi za mlangoni hupanda. Difu hubaki palepale ilipokuwa. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hapo faida ni nusu tu ya kipenyo ulichoongeza. Ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda ya inchi 33, difu imepanda inchi moja, yaani kama sentimita mbili na nusu.

Je, springi ndefu hazina faida? Zinayo, na ni kubwa, lakini ni nyingine. Zinaipa tairi nafasi ya kupanda na kushuka bila kugonga bodi. Zinaongeza pembe ya mbele na ya nyuma, ili bampa lisichimbe gari linapoingia mfereji uliochimbwa na mvua ya masika. Zaidi ya yote, springi iliyochaguliwa vizuri hubeba mzigo wako wa kila siku bila kulala. Kwa barabara za Upare hilo la mwisho ndilo ninaloliweka mbele. Gari linalopeleka magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba, upande wa Same, halihitaji kuwa refu. Linahitaji springi ambayo chini ya magunia hayo bado ina nafasi ya kushuka, isiwe tayari imekaa juu ya mpira wa kizuizi.

Ndiyo maana maswali ya kwanza ya fundi mzuri huwa juu ya mzigo. Gari hubeba kilo ngapi, siku ngapi katika wiki, na mzigo hukaa wapi? Watengenezaji wa vifaa vya kunyanyulia huuza springi kwa mafungu ya uzito wa kudumu: kuna za gari tupu, kuna za kilo mia kadhaa za kila siku, kuna za mzigo mzito kabisa. Mtu wa Kighare anayeendesha gari tupu siku tano na kubeba siku mbili za soko asinunue springi ya mzigo mzito ati kwa sababu inaonekana imara. Gari likiwa tupu, springi hiyo haikunjiki. Tairi za nyuma hurukaruka kwenye changarawe, na tairi iliyo hewani haifungi breki.

Huku kwetu, lakini, wengi hawanunui seti mpya. Wanaenda kwa fundi springi, naye anaongeza pati, yaani bamba jingine la chuma kwenye rundo la springi. Siidharau kazi hiyo. Imeyaweka magari ya milimani barabarani kwa miaka mingi. Ila kuna hesabu moja ambayo kila anayeongeza pati anapaswa kuijua. Ugumu wa pati haufuati unene wake moja kwa moja. Unafuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Pati ya milimita 12 si ngumu mara mbili ya pati ya milimita 6. Ni ngumu mara nane. Ukitoa pati mbili za milimita 6 ukaweka moja ya 12, rundo linaonekana na unene uleule, lakini ugumu wa sehemu hiyo umekuwa mara nne. Mshtuko ambao springi imekataa kuupokea huenda kwenye chasisi, na ndipo unapokuta nyufa karibu na mabano ya springi na mtu anasema gari lina bahati mbaya.

Kosa jingine ni moto. Pati iliyolala inaweza kurudishiwa upinde kwa kuigonga ikiwa baridi, nyundo baada ya nyundo, na fundi mwenye mkono mzuri huifanya vema. Fundi mwenye haraka huipasha kwa gesi hadi iwe nyekundu, huikunja kwa urahisi, kisha huiacha ipoe yenyewe. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa, kuzimwa ghafla kwenye mafuta, na kupashwa tena kwa kiasi. Ukikipasha hadi wekundu na kukiacha, umefuta kazi yote hiyo. Kitarudi kulala kwa mzigo wa kwanza. Milima hii si migeni kwa elimu ya chuma na moto. Ukoo wa Washana wa Ugweno walikuwa wahunzi wenye sifa, na Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, anaeleza walivyotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuuchukua utawala. Mhunzi wa namna hiyo asingeacha chuma kipoe ovyo halafu akategemea kifanye kazi.

Sasa kazi yenyewe. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, si kwenye kiwanja chenye mteremko, na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari. Jioni ya kuamkia kazi, boliti zote zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu, maana udongo mwekundu wa Usangi ukikauka ndani ya nyuzi za boliti hushika kama saruji. Nati zilegezwe gari likiwa bado chini. Kisha linyanyuliwe, na chasisi iwekwe juu ya stendi za chuma. Hapa sitanii: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Jeki ya pili ishike ekseli, ili shokapu na yu-boliti zikitolewa ekseli isidondoke ikaning'inia kwenye hozi ya breki.

Springi mpya ikiingia, tazama mahali pamoja padogo. Katikati ya rundo la pati kuna boliti ya kati, na kichwa chake cha duara hutokeza chini au juu kutegemea gari. Kichwa hicho lazima kikae ndani ya tundu la kiti cha ekseli. Kikikaa pembeni kwa milimita chache, yu-boliti bado zitakaza, kila kitu kitaonekana kimekamilika, na gari litatoka gereji likitembea upande, ekseli ya nyuma haifuati ya mbele. Weka kidole, hisi kwamba kimeingia, ndipo ukaze. Yu-boliti ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika. Na boliti za bushi kwenye macho ya springi zisikazwe mwisho gari likiwa hewani. Zikazwe likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote na utachanika mapema.

Wengi huishia hapo, wakalipwa, wakaenda. Kwa barabara ya mlimani kazi ndiyo kwanza imefika katikati.

Land Cruiser nyingi za mizigo zina vali ya breki inayopima mzigo. Imefungwa kwenye chasisi, na kijiti chake kimeshikana na ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa, chasisi hushuka karibu na ekseli, kijiti kinasukumwa, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Linyanyue sentimita tano bila kugusa kijiti hicho, na vali itaamini gari ni tupu hata likiwa na tani moja mgongoni. Breki za mbele zitabeba karibu kazi yote, zitapata moto, na dereva atakanyaga pedali asikute kitu nusu ya safari ya kushuka. Dawa yake ni kipande kidogo cha bati nene cha kuinua mahali kijiti kinaposhikwa kwenye ekseli, kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Ni kazi ya dakika ishirini. Naomba kila msomaji mwenye gari lililokwisha kunyanyuliwa aingie chini akaitazame leo.

Hozi za breki nazo zipimwe ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho, usukani ukikatwa kushoto kabisa, kisha kulia. Zikikaza kama kamba, zibadilishwe kwa ndefu zaidi.

Mbele kuna jambo la usukani. Tangu mwaka 1999 Land Cruiser za 78 na 79 zina koili springi mbele, na ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu. Ukiinua bodi, mikono hiyo huinama na kuizungusha ekseli kidogo, na ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, mafundi huiita kasta, inapungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani, mkono hauwezi kupumzika. Kwa sentimita tano hurekebishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lililohama kutoka katikati. Kwa Prado na Hilux, ambazo kila gurudumu la mbele lina mikono yake, alaimenti ni lazima siku hiyohiyo, na zaidi ya sentimita tano shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali zinazomaliza mipira yake.

Ndiyo sababu nashauri sentimita tano, basi. Fikiria gari lenye mita moja na nusu kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 80 kutoka ardhini. Likisimama kwenye ubavu wa mlima, hupinduka pembe inapofika kama digrii 43. Pandisha kitovu hicho kwa sentimita 10 na pembe inashuka hadi chini kidogo ya 40. Hiyo ni likiwa limesimama, bila kona, bila mwendo, bila magunia kwenye keria. Weka hayo yote na digrii tatu ulizotoa sadaka ndizo zilizokuwa zimebaki.

Baada ya kilomita 500 za kwanza gari lirudi kwa fundi, kila nati ikazwe upya kwa spana ya kupimia nguvu, kwa sababu springi mpya hujikalisha na yu-boliti hulegea. Safari za kilomita hizo ziwe bila abiria. Wiki ijayo tutachukua tairi: kwa nini ukivaa za inchi 33 mshale wa mwendo unaosoma 80 unaficha 85, na gari linapoteza nguvu kiasi gani kwenye kupanda.