Boriti za Babu Msizichome
Baada ya dhahabu kugunduliwa Johannesburg mwaka 1886, matajiri wa migodi walipanda msitu wa mikaratusi pale panapoitwa leo Saxonwold, wapate magogo ya kuzuia migodi isiporomoke. Habari za tabianchi hawakuwa nazo. Lakini mti, ndugu zangu, hunyonya hewa ya ukaa unapokua. Mbao kavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ukiichoma, kaboni hiyo yarudi angani. Ukiifanya mlango, inabaki humo. Basi zile boriti za mikoko walizopeleka wazee wetu kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji hadi Oman, zingali ghala. Mkibomoa nyumba ya babu, zitumieni tena. Na akataye mti, apande mwingine.