Kabla ya Kwenda Karen: Piga Hesabu ya Miezi 18, Si ya Karo Pekee

Umemaliza LLB. Nyumbani wameshaanza kukuita wakili, na shangazi mmoja ana kesi ya shamba anayokusubiri uishike. Lakini wewe unajua kwamba shahada pekee haikuruhusu kusimama mbele ya hakimu. Bado kuna mwaka wa masomo pale Kenya School of Law, Karen, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, halafu miezi sita ya mafunzo ya kazi chini ya wakili. Baada ya hapo ndipo Jaji Mkuu anakuapisha.

Swali ambalo wengi hutuuliza ni, "Karo nitaitoa wapi?" Ni swali zuri, ila halitoshi.

Karo ya mafunzo hayo ya uwakili imekuwa ikitajwa kwa miaka kadhaa kuwa takriban shilingi 190,000. Sasa tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepanga chumba cha 8,000 upande wa Rongai, anakula kwa 7,000, nauli 4,000, na bando na kuchapisha kazi 2,000. Hiyo ni 21,000 kwa mwezi, na hajanunua hata suti. Zidisha kwa miezi 18, maana miezi ile sita ya mafunzo ya kazi mara nyingi hulipa kidogo au hailipi kabisa. Unapata 378,000. Ongeza karo, jumla inafika 568,000. Kumbe karo ni thuluthi moja tu ya mzigo wote!

Hapo ndipo watu hukwama. Karo ina harambee, ina kikundi cha WhatsApp, ina mjomba anayetaka jina lake lisomwe. Kodi ya mwezi wa nane haina mtu. Kwa hivyo ukiketi na familia, usiombe kila mtu achangie karo. Mwombe mmoja aahidi kodi ya kila mwezi, mwingine chakula, na muandike nani ametoa ahadi gani. Mchango mdogo unaoingia kila tarehe 5 utakufaa kuliko kitita kinachoingia Januari na kuyeyuka kufikia Machi.

Kabla hujasema utatumia 21,000 au 30,000, usikisie. Pakua taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita uisome yote. Wengi hushtuka wakijumlisha ada za kutuma na kutoa pesa. Ukitoa 500 mara sita kwa wiki, unamlipa wakala kwa kukosa mpango tu. Toa mara moja, au lipa moja kwa moja dukani.

Je, uende sasa au ufanye kazi kwanza? Ukiweka 10,000 kila mwezi kwa miaka miwili utakuwa na 240,000. Hiyo inalipa karo na kubakisha 50,000, yaani miezi miwili na siku kadhaa za kuishi. Si nyingi, lakini kazi ya miaka hiyo miwili, hasa ikiwa ni katika ofisi ya mawakili, huenda pia ikakupatia mahali pa kufanyia miezi yako sita. Sisi tungesema nenda ukiwa na karo yote, pesa za kuishi miezi sita ya kwanza, na ahadi za kueleweka kwa ile iliyobaki. Chini ya hapo utakuwa unasoma huku simu ikikukumbusha madeni, na masomo ni tisa. Watu wengi huanguka angalau somo moja, na kurudia mtihani kuna ada yake. Tenga akiba ya hilo pia, hata kama wewe ni mkali.

Ukichelewa, usisahau HELB. Mkopo wa shahada ya kwanza huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Angalia kalenda vizuri: ukiingia Karen mara tu baada ya chuo, deni linaweza kukupata ukiwa katikati ya miezi ile sita bila mshahara. Waandikie mapema uwaeleze hali yako, usingoje waanze kukutafuta.

Hata hivyo, HELB si adui. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka: kwa kila 10,000 ni 400. Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi unakula 750 kwa hiyo 10,000 ndani ya siku 30 tu. Mkopo kama huo ni wa dharura ya leo inayolipwa wiki ijayo. Usiutumie kulipa karo hata siku moja.

Na kabla ya senti yoyote kutoka, hakikisha unastahili kujiunga. Alama za KCSE, hasa ile B ya Kiingereza au Kiswahili, zimewapeleka watu wengi mahakamani. Peleka vyeti vyako vikaguliwe kwanza. Ukikubaliwa, chukua maelezo ya malipo kutoka kwa shule yenyewe, weka nambari ya biashara na ya akaunti, kisha usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Mtu akikwambia utume karo kwa nambari yake binafsi "ili akushikie nafasi", usitume.