Maji ya karieri, maji ya samaki

Hapa Murara hakuna mto. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha, maji yanapotelea chini ya mawe hata mbele ya mtoto kukimbia kuchukua sufuria. Ndiyo maana kila mtu wa kata yetu anajua bidoni: anajua foleni, anajua uzito, anajua bei. Bidoni moja ni lita 20. Mama anagawa: haya ya kupika, haya ya kufua, haya ya kuoga. Yakimwagika, nyumba nzima inasikia makelele.

Lakini baba ao kaka wa nyumba hiyo hiyo iko Rubaya ao Walikale, na kule maji hayapimwi. Timu inafunga kijito kwa mifuko ya udongo, inaweka bomba, inasafisha koltani ao kasiterite toka asubuhi mpaka jua linazama. Nani anauliza: tumekamata maji ngapi? Na mwenye iko chini anabaki na ngapi? Swali hilo tunaliuliza leo, juu sisi wote tunakula samaki, na samaki hana bidoni ya kuweka akiba.

Tuhesabu kidogo. Bomba moja likijaza bidoni kwa sekunde 10, linatoa lita 2 kila sekunde. Saa moja ni bidoni 360. Timu ikitumika saa 10, ni bidoni 3.600. Weka mabomba matano kwenye kijito kimoja: bidoni 18.000 kwa siku. Wakati wa mvua kijito hakisikii kitu. Lakini tangu mwezi wa sita mpaka wa nane maji yanapunguka. Kama kijito kinabeba lita 15 kila sekunde, mabomba yale matano yanachukua 10, yanabaki 5. Kweli, maji mengi yanarudi mtoni chini ya fasi ya kusafishia. Ila yanarudi na matope.

Samaki anaomba nini?

Samaki anaomba vitu vichache. Anaomba maji yanayotembea, juu maji yanayotembea yanabeba hewa. Anaomba kina cha kutosha ili apite. Kuna samaki wa ziwa, kama wale wa jamii ya barbus wa Ziwa Kivu na Ziwa Edward, wanaopanda mto kwa kutaga mayai. Mayai yanalala katikati ya changarawe safi, na maji yakipita ndipo yanapata hewa. Mto ukibaki uzi mwembamba, samaki hapiti. Maji yakisimama kwenye vidimbwi, yanapata moto, hewa inapunguka. Matope yakifunika changarawe, mayai yanakufa. Hakuna anayeona siku hiyo. Tunaona kisha, kwenye soko, wakati samaki iko mudogo na bei iko mukubwa. Ukiuliza juu ya nini, utaambiwa barabara, vita, mafuta ya pirogi. Yote hayo ni kweli. Mto uliofungwa hautajwi.

Wachimbaji si peke yao. Mto Rutshuru unaingia Ziwa Edward, kule wavuvi wa Vitshumbi wanatupa nyavu zao. Kwenye mto huo huo kuna mtambo wa umeme wa Matebe, wa megawati 13 hivi, uliofunguliwa mwezi wa 12 mwaka 2015, na umeme wake unafika mpaka Goma. Mitambo ya aina hii inatoa maji mtoni, inayapitisha kwenye mfereji mpaka kwenye tabini, kisha inayarudisha. Katikati ya fasi ya kutolea na fasi ya kurudishia, mto unaishi na kile kilichobakishwa. Ndiyo maana wainjinia wanaweka kipimo cha maji ambayo hayaguswi, hata umeme ukipunguka. Kwa Kifaransa wanakiita débit réservé. Sisi tunasema: sehemu ya samaki.

Sheria inasema nini?

Kwetu Kongo, Katiba inasema Serikali ndiyo yenye mamlaka juu ya udongo, maji na misitu. Sheria nambari 15/026 ya tarehe 31 desemba 2015 ndiyo inayosimamia maji. Kwa hiyo hakuna karieri yenye mto wake, hata kama mto unapita katikati ya mashimo.

Jirani zetu wameandika mambo wazi zaidi. Sheria ya maji ya Kenya ya 2002 iliweka akiba: maji ya lazima kwa watu na maji ya lazima kwa uhai wa mto yanatengwa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinagawiwa kwa ruhusa. Tanzania iliandika vile vile mwaka 2009: kwanza maji ya nyumbani, pili maji ya mazingira, kisha shamba na kazi zingine.

Lakini karatasi peke yake haijazi mto. Tuangalie Ruaha Mkuu, kusini mwa Tanzania. Zamani ulikuwa unapita mwaka mzima. Mwaka 1993 ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya mbuga ya Ruaha, na samaki na viboko wakabanana kwenye vidimbwi. Juu yake, kwenye bonde la Usangu, mifereji ya mpunga ilikuwa inavuta maji. Watu walikuwa na ruhusa, na ruhusa zilihesabu lita kwa sekunde, lakini mifereji haikuwa na vipimo vya kuonyesha nani anachukua ngapi. Na mutu akishalipa anajisikia: nimelipa, nitachukua.

Hapo ndipo kuna somo kwa karieri zetu. Kipimo ambacho hakionekani kwa macho hakilindwe na mtu. Ni bora alama moja ambayo kila mchimbaji anaiona.

Tunapendekeza hivi. Tangu 2018, kode ya migodi inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperative. Basi kooperative, pamoja na mashefu wa vijiji vya chini, ipande kijiti mtoni wakati wa kiangazi na kukichonga alama. Maji yakishuka mpaka kwenye alama, mabomba yanafungwa, ya timu yote, hata ya PDG mwenye mashimo mengi. Maji yakiwa machache lakini juu ya alama, timu zisafishe kwa zamu. Kijito kisifungwe chote hata siku moja. Na maji machafu yapite kwenye mashimo mawili ao matatu yanayofuatana, matope yatulie chini. Maji ya juu yanaweza kusafisha tena mara ya pili, na bomba litavuta kidogo mtoni. SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusaidia wachimbaji wa mikono, inaweza kuonyesha namna ya kuchimba mashimo hayo.

Tunajua hii ina bei. Siku moja bila kusafisha ni kilo ambazo hazifiki kwa négociant, na nyumbani Murara wanangojea pesa ya shule na ya nyumba. Mtu anaweza kusema: tuko na njaa, samaki wa nini? Tunamjibu polepole. Kijito kikikauka, hata kusafisha kunakwisha. Kijiji cha chini kikikosa maji, ugomvi unapanda mpaka kwenye mashimo. Na siku mawe yatakapokwisha kwenye kilima kile, mchimbaji atahama. Watu wa mto watabaki na mto ule aliowaachia.

Mama wa Murara akibakiza bidoni ya mwisho, hakuna anayeigusa usiku. Ni ya uji wa watoto asubuhi. Kila mmoja wetu amekulia ndani ya sheria hiyo. Kiangazi kinachokuja, tuipeleke karieri.