Maambukizi Katika Makao ya Wazee: Kwa Nini Yahesabiwe Kila Siku?

Mwishoni mwa Februari 2020, katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, mkazi wa makao ya wazee alipimwa akakutwa na virusi vya korona. Wakati huo tayari kulikuwa na kundi la watu waliokuwa wakisumbuliwa na matatizo ya kupumua ndani ya makao hayo. Kufikia Machi 18, watu 167 waliohusiana nayo walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16.

Wengi wetu tunazikumbuka habari hizo. Lisilosemwa sana ni kwamba kazi ya kuyafuatilia maambukizi katika makao ya wazee ilikuwapo muda mrefu kabla ya UVIKO-19, na ina taratibu zake. Wapo wasomaji wetu wenye kaka na dada wanaofanya kazi ya kutunza wazee huko Marekani na Ulaya. Tumeona vema tueleze kazi hiyo inavyofanyika.

Tuanze na ugumu wake. Mzee akipata maambukizi, mara nyingi mwili wake hautoi ishara tulizozizoea. Kijana mwenye nimonia hupandwa na homa kali, hukohoa, hulalamika kifua. Bibi wa miaka 88 mwenye nimonia hiyo hiyo anaweza kukataa chakula tu, kuanguka akienda msalani, au kuanza kuchanganyikiwa ghafla. Ndiyo maana vigezo vinavyotumika kwa wazee vinahesabu homa kuanzia joto la mdomoni linalozidi nyuzi 37.8 hata likipimwa mara moja, au linalozidi 37.2 likirudiwa kupimwa, au linalopanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya joto la kawaida la mzee huyo. Kigezo hicho cha mwisho kina sharti lake: lazima mtu awe ameandika joto la kawaida la mzee akiwa mzima. Bila daftari, hakuna cha kulinganisha.

Vigezo vyenyewe vinajulikana kwa jina la McGeer. Vilitolewa mwaka 1991 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2012. Kazi yake ni kuwafanya wote wanaohesabu wahesabu kitu kile kile. Muuguzi wa zamu ya usiku asiite mafua kile ambacho wa mchana anakiita nimonia.

Mfano mzuri ni mkojo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Miongoni mwa wanawake wanaoishi katika makao hayo, kati ya asilimia 25 na 50 wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Ukipeleka mkojo maabara, bakteria wataonekana. Je, huo ni ugonjwa? Hapana, mpaka ziwepo dalili pia, kama vile maumivu wakati wa kukojoa au homa. Asiyejua hilo humwandikia mzee dawa za antibiotiki asizozihitaji. Dawa hizo huua bakteria wema wa tumboni, zikamfungulia mlango bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huleta kuharisha kubaya kunakoweza kumuua mzee. Aidha, bakteria wengine hujifunza kuzishinda dawa. Kwa maoni yetu, hata kama ufuatiliaji ungekuwa na faida hii moja tu, ya kuzuia dawa zisizohitajika, bado ungestahili gharama yake.

Sasa hesabu. Tuseme makao yenye wazee 80 yamepata maambukizi 6 katika mwezi wa siku 30, na makao mengine yenye wazee 40 yamepata 4. Ni yapi yana tatizo kubwa zaidi? Tukitazama idadi tu, tutasema ya kwanza. Lakini wataalamu huzidisha wakazi kwa siku walizokaa. Ya kwanza yana siku 2,400, ya pili 1,200. Kwa kila siku 1,000 za ukaaji, ya kwanza yana maambukizi 2.5 na ya pili 3.3. Kumbe nyumba ndogo ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwanza.

Kuna magonjwa ambayo hayasubiri hesabu ya mwezi. Kwa homa ya mafua, wazee wawili wakiugua ndani ya saa 72, na mmoja wao akathibitishwa na maabara, huo ni mlipuko. Hatua huanza siku hiyo hiyo, pamoja na kuwapa wakazi wengine dawa za kuzuia virusi hata kama hawajaugua.

Kirkland ilifuatwa na funzo lingine katika makao mengine ya jimbo hilo hilo la Washington. Wazee 76 walipimwa wote, wagonjwa na wazima pamoja. Waliokutwa na virusi walikuwa 48, na kati yao 27 hawakuwa na dalili siku ile. Baada ya siku chache, 24 kati ya hao 27 waliugua. Kungojea mtu akohoe ndipo apimwe kulikuwa kumechelewa tayari. Kuanzia Mei 2020, serikali ya Marekani iliyataka makao yote yanayolipwa na bima zake za afya kupeleka taarifa za UVIKO-19 kila wiki.

Uchunguzi wa Kirkland ulitaja pia wafanyakazi waliofanya kazi katika makao zaidi ya moja na walioendelea kwenda kazini wakiumwa. Tusiwe wepesi kuwalaumu. Anayelipwa kwa saa, asiye na siku za ugonjwa zenye malipo, na mwenye ada ya watoto ya kutuma nyumbani, ana sababu za kutosha za kuficha kikohozi. Daftari la maambukizi lisilomhesabu mfanyakazi, au linalomwadhibu anayejitaja, litakuwa na mashimo.

Na wageni je? Padre au frateri anayezunguka vyumba kumi kwa asubuhi moja naye ni njia ya vijidudu. Aandike jina kwenye kitabu cha wageni, maana ndicho kitakachofunguliwa mlipuko ukitokea. Aulize kwa muuguzi chumba gani kina mgonjwa wa kuambukiza, akiache mwisho. Na pale penye kuharisha kwa C. difficile asitegemee dawa ya mikono yenye spiriti, kwa sababu haiziui mbegu za bakteria huyo. Anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni.